Katuni za Watu wa Shamba

Muhula huu katika mabweni yetu kumekuwa na mabishano makali juu ya jambo ambalo wakubwa huenda wakaliona dogo. Jambo lenyewe ni zile katuni za kuchekesha zinazochorwa na vijana wasio mafundi, zikaonyeshwa kwenye simu, na ambazo habari zake ni maisha ya jamaa wa shamba: baba, mama, bibi, watoto, kuku na mbwa. Katuni za namna hii hutoka nchi nyingi. Hizi zilizoleta mabishano zimetoka Brazili, na watu wake husema Kireno. Sisi tulizitazama nyumbani wakati wa likizo ya Juni, kwa kuwa hapa shuleni simu haziruhusiwi, na amri hiyo mimi siipingi.

Wanaozilaumu katuni hizo wana hoja tatu. Kwanza, wasema picha zenyewe ni mbovu: mikono ya watu ni kama vijiti, vichwa ni vikubwa kuliko viwiliwili, na ng'ombe huonekana kama meza yenye pembe. Pili, wasema ni kupoteza wakati na fedha za bando, hasa kwetu sisi wa Kidato cha Nne ambao mtihani wa taifa unatungoja. Tatu, na hapa ndipo penye neno zito, wasema kwamba katuni hizo huwafanya watu wa shamba kuwa kichekesho mbele ya ulimwengu. Mimi ni miongoni mwa wanaozipenda, nami namshukuru Mhariri kwa kunipa nafasi ya kueleza sababu.

Yafaa kwanza nieleze zilivyo, kwa ajili ya wazazi na walimu ambao hawajaziona. Katuni moja huchukua dakika mbili au tatu tu. Mara nyingi aliyeichora ni mtu mmoja, naye ndiye asemaye sauti zote, ya baba kwa sauti nzito na ya bibi kwa sauti nyembamba. Kisa ni cha nyumbani. Mtoto ametumwa dukani akarudi bila chenji. Kuku aliyetafutwa siku nzima ametaga chini ya kitanda. Baba alisema paa litatengenezwa kesho, na mvua imekuja leo. Bibi amekaa karibu na jiko la kuni, chungu cha maharage kiko motoni, naye azijua habari za kijiji kizima ingawa hajatoka nje tangu asubuhi. Mama akikasirika huvua kandambili, na mtoto hukimbia kabla haijarushwa. Kandambili ya mama ni mashuhuri sana katika vichekesho vya Wabrazili, wala sidhani kama kuna haja ya kuwaeleza watu wa Mbulumbulu maana yake.

Si ajabu kwamba nyumba ya shamba ya Brazili yafanana na yetu. Mahindi, muhogo na maharage asili yake ni bara la Amerika. Vililetwa Afrika na Wareno na wafanyabiashara wengine baada ya safari za Columbus. Kahawa nayo asili yake ni Ethiopia, ikafika Brazili katika karne ya 18, na leo hakuna nchi duniani inayovuna kahawa nyingi kuliko Brazili. Basi mama wa katuni akipika maharage, apika chakula chetu. Na baba akinywa kahawa, anywa zao lililotoka upande wetu, lile lile linalolimwa katika mashamba ya Karatu. Tena iko habari ya uchungu. Brazili ndiyo nchi iliyopokea watumwa wengi kutoka Afrika kuliko nchi nyingine yoyote, na baadhi yao walitolewa Msumbiji, jirani zetu. Utumwa ulikomeshwa huko mwaka 1888, baada ya nchi nyingine zote za Amerika kwisha kuukomesha. Kwa hiyo tukiona katika katuni bibi mweusi aliyejifunga kitambaa kichwani, akipepeta nafaka uani, si lazima tumwone kuwa mgeni kabisa.

Lakini mfanano huo peke yake hautoshi kueleza kwa nini zapendwa. Nitatoa mfano mmoja. Bibi yangu hajui Kireno, na Kiswahili chake ni cha sokoni. Lugha yake ni Kiiraqw. Siku moja katika likizo mjomba alimwonyesha katuni ya mzee wa Kibrazili aliyelala kitandani huku watu wa nyumbani wakiingia na kutoka. Sisi tuliosoma tulikuwa bado twabishana mzee huyo asema nini. Bibi alicheka hata akashika ukuta. Nilipomwuliza ameelewa nini, akajibu kwamba mzee yule si mgonjwa. Amejilaza kwa sababu leo ni siku ya kupalilia. Na mwisho wa kisa ulionyesha kwamba ndivyo ilivyokuwa. Bibi hakuhitaji mfasiri, maana mzee huyo amemwona mara nyingi, tena si Brazili.

Sasa nije kwenye hoja ya kwanza, ile ya ubovu wa picha. Mimi naona ubovu huo ni sehemu ya sababu ya kupendwa kwake. Fundi hodari aweza kuchora kitu ambacho hakukiona kamwe, na bado kikapendeza macho kwa rangi na vivuli vyake. Mtu asiye fundi hana uwezo huo. Hana cha kumsaidia isipokuwa kile alichokiona kwa macho yake na kukisikia kwa masikio yake. Akichora uongo, uongo huo huonekana mara moja, kwa kuwa hakuna rangi ya kuufunika. Kwa hiyo hulazimika kuchora alichokijua: jinsi bibi anavyoinuka kitini kwa kushika goti, jinsi mbwa wa nyumbani anavyotembea pembeni akipita karibu na mwenye fimbo, jinsi baba anavyokohoa kabla ya kusema jambo ambalo ajua mama hatalikubali. Mikono ni vijiti, lakini vijiti hivyo vyajua kazi ya jembe.

Linganisheni na picha za mafundi wakubwa. Wengi wetu tumeiona filamu ya The Lion King, iliyotolewa na kampuni ya Disney ya Marekani mwaka 1994. Hapana shaka ni filamu nzuri sana, na picha zake zilichorwa na mafundi wengi kwa fedha nyingi. Nchi inayoonyeshwa humo ni mbuga kama za kwetu. Majina ni ya Kiswahili: Simba, Rafiki, Pumbaa. Walakini tangu mwanzo hata mwisho hamna mtu hata mmoja. Hamna boma, hamna shamba, hamna moshi wa jikoni, hamna mtoto anayechunga mbuzi. Nchi imechorwa vizuri kabisa, na wenyewe hawamo.

Sisi wa Mbulumbulu twalielewa jambo hilo kuliko wengine. Twakaa juu ya ukingo wa Bonde la Ufa, na msitu wa nyanda za juu za Ngorongoro uko jirani na mashamba yetu. Magari ya watalii hupita Karatu kila siku kwenda kwenye Kreta, na tembo hupigwa picha nyingi ajabu. Tembo huyo huyo akitoka msituni usiku akala mahindi ya mtu, hakuna apigaye picha. Na hapo ndipo penye kisa! Baba anapiga debe, mama anashika tochi ambayo betri zake zimekwisha, watoto wako juu ya dungu wakipiga kelele, na mbwa, ambaye mchana hujifanya shujaa, amejificha nyuma ya wote. Mchoraji wa ng'ambo hawezi kukichora kisa hicho, hata apewe fedha za namna gani. Kitachorwa na mtu aliyewahi kukesha dunguni.

Wala tusidhani kwamba kazi iliyoanza kwa zana duni haiwezi kufika mbali. Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa Tunduru, alianza kuchora mjini Dar es Salaam mwaka 1968. Hakupitia chuo cha uchoraji. Alitumia rangi za kupakia baiskeli, na badala ya kitambaa cha wachoraji alitumia vipande vya hadibodi. Alifariki mwaka 1972, baada ya miaka michache tu ya kazi hiyo. Leo jina lake limekuwa jina la uchoraji wenyewe, na picha za Tingatinga zauzwa madukani Karatu, kando ya barabara ile ile wanayopita watalii. Kama mtu angemwambia mwaka ule, "Acha, rangi hii ni ya baiskeli," nchi yetu ingepata hasara kubwa.

Hoja ya pili ni ya wakati na fedha. Hiyo sitaibishia sana, kwa kuwa ina ukweli ndani yake. Mtu akitazama katuni tangu magharibi hata usiku wa manane, huku vitabu vyake vimelala, amekosa, kama vile angekosa kwa kucheza bao au mpira kwa kiasi hicho. Bando ni fedha, na fedha ya mzazi ni jasho la mzazi. Lakini dawa ya jambo hili ni kiasi. Kwa heshima zote nawakumbusha wazee wetu kwamba nao walikuwa na vichekesho vyao. Walimcheka Chakubanga katika gazeti la Uhuru, aliyechorwa na Christian Gregory. Ndugu zetu wa Kenya walimcheka Juha Kalulu wa Edward Gitau katika Taifa Leo kwa miaka mingi. Radio Tanzania ilipowaleta Pwagu na Pwaguzi, watu walikusanyika kwenye redio moja, hata jirani waliokosana wakakaa pamoja. Na kabla ya magazeti na redio walikuwako Sungura na Fisi, ambao visa vyao karibu vyote ni vya jirani, chakula na uvivu. Basi kupenda kucheka mambo ya nyumbani si ugonjwa ulioletwa na simu. Simu imebeba tu mzigo wa zamani.

Sasa nataka kusema jambo ambalo kwangu ndilo kubwa. Katika desturi zetu mtoto hamwambii baba yake, "Baba, umekosea." Ni desturi njema, nami sitaki ivunjwe. Lakini yako makosa ambayo kila mtu nyumbani ayaona, na hakuna awezaye kuyasema. Baba auza gunia zote za maharage wakati wa mavuno, bei ikiwa chini. Arudi nyumbani na kofia mpya. Kisha miezi ya njaa ifikapo auliza kwa mshangao kwa nini ugali umepungua. Nani atamjibu? Mama hunyamaza ili pasiwe na ugomvi. Mtoto hunyamaza kwa adabu. Picha haina baba, wala haina mume; yaweza kusema. Mimi nimewaona watu wazima wakicheka kisa cha namna hiyo kwenye simu, kisha kicheko kikakatika katikati, wakanyamaza, mmoja akatoka nje kutazama ng'ombe ambao hawakuwa na tatizo lolote. Ukimya ule nadhani ulikuwa na faida kuliko mahubiri.

Tazameni pia kazi za mama zetu. Katika somo la uraia twafundishwa juu ya haki za wanawake, nasi twaandika madokezo na kuyakariri kwa ajili ya mtihani. Hayo ni mema. Lakini katuni ya dakika mbili huonyesha njia itokayo mtoni: mama amebeba maji kichwani, mtoto mgongoni na kuni mkononi, na nyuma yake yuaja baba, amebeba fimbo. Baba ndiye asemaye, "Leo nimechoka." Hakuna neno jingine. Mvulana aliyeona picha hiyo akacheka, ajikuta akiiona tena siku nyingine, safari hii si kwenye simu bali kwenye njia ya kwao. Hapo atachagua: ama aendelee kutembea na fimbo yake, ama apokee kuni. Wako waliopokea kuni, nami nawajua, ingawa walitazama kwanza kushoto na kulia kama wenzao wawaona.

Hata hivyo sitaki wasomaji wadhani kwamba nasifu kila kichekesho cha watu wa shamba. Hapa naja kwenye hoja ya tatu, ambayo nilisema ni nzito. Neno mshamba maana yake ni mtu wa shamba, yaani yule anayeulisha mji. Lakini limegeuzwa kuwa tusi. Katika vichekesho vingi vya mjini mtu akitaka kuchekesha upesi huvaa kaptura iliyochanika, akasema Kiswahili cha kuvunjika kwa matamshi ya kabila fulani, akashangaa ghorofa, na watu wakacheka. Leo ni Mmasai, kesho ni Msukuma, kesho kutwa ni sisi Wairaqw. Katika kichekesho cha namna hiyo mtu wa shamba hana akili, hana mke mwenye neno, hana bibi, hana kazi anayoijua. Ana matamshi tu.

Vichekesho hivyo vina madhara, na madhara hayo yako hapa hapa kati yetu. Nimemsikia mwanafunzi akiulizwa na wenzake, "Yule aliyekuja kukuona ni nani?" Naye akajibu, "Ni mzee mmoja wa kijijini kwetu." Aliyekuja alikuwa baba yake mzazi. Alikuwa amekuja kwa miguu na kwa lori, viatu vyake vikiwa na udongo mwekundu wa kwetu, na mkononi alikuwa na mfuko wa mahindi ya kuchoma. Sitamtaja mwanafunzi huyo, wala si yeye peke yake. Wako wasemao kwao ni Arusha mjini, na kwao ni nyumba ya tembe. Hakuna mwalimu aliyewafundisha hayo. Walifundishwa na kicheko. Walisikia watu wakicheka viatu vya udongo mara nyingi sana, hata viatu vya baba vilipofika getini, wao wenyewe walikuwa wamekwisha kuhamia upande wa wachekaji.

Basi ikiwa kicheko chaweza kumfundisha mtoto kumkana baba yake, kwa nini kicheko cha namna nyingine kisiweze kumrudisha? Hii ndiyo sababu nasema jambo hili si dogo. Hatuwezi kuondoa vicheko duniani. Tuwezalo ni kuvipambanua.

Namna ya kuvipambanua ni rahisi. Kila uonapo katuni au mchezo juu ya watu wa shamba, jiulize swali moja: je, aliyeutengeneza angeweza kuutazama akiwa amekaa karibu na mama yake? Kama angeweza, na mama angecheka, basi ni kichekesho chema, hata kama baba ameonyeshwa mvivu na bibi ameonyeshwa mmbeya. Kama angelazimika kuificha simu mama aingiapo, basi kile si kichekesho cha nyumbani. Ni cha mtu aliyesimama nje ya uzio akatupa mawe.

Wabrazili wenyewe wana mfano mzuri. Mchoraji wao mashuhuri, Mauricio de Sousa, alimbuni katika miaka ya 1960 mtoto wa shamba aitwaye Chico Bento, na tangu mwaka 1982 mtoto huyo ana gazeti lenye jina lake. Chico Bento huvaa kofia ya majani na hutembea miguu mitupu. Maneno yake huandikwa jinsi watu wa shamba wanavyoyatamka, si jinsi kamusi inavyotaka. Shuleni hupata alama za chini, na huiba mapera ya jirani. Lakini aujua mto, awajua wanyama, awapenda wazazi wake, na akikutana na mtu wa mjini mara nyingi ni wa mjini anayepotea. Watoto wa miji mikubwa ya Brazili wamekua wakimsoma, na wengi wampenda. Hawamcheki kwa sababu ni wa shamba. Wacheka pamoja naye, na shamba wanaliona. Naona vijana wale wanaochora kwa simu zao wanalima katika shamba lile lile lililofyekwa na mzee huyo.

Nasi je? Katika nchi yetu kazi imekwisha kuanza. Tangu mwaka 2014 Ubongo Kids, iliyotengenezwa Dar es Salaam, imewafundisha watoto hesabu na sayansi kwa Kiswahili kwa njia ya katuni, nayo imefika nchi nyingine za Afrika. Tuna haki ya kujivunia. Lakini hiyo ni kazi ya mafundi, na makusudi yake ni masomo. Nyumba zetu za huku juu, mvua zetu, ubishi wetu wa jikoni, hayo hayatachorwa na mtu wa Dar es Salaam, wala hatumdai. Ni kazi yetu.

Kwa hiyo nina maombi matatu.

La kwanza ni kwa Mhariri na walimu wetu wapenzi. Naomba kila muhula ukurasa mmoja wa gazeti hili uwe wa picha za maisha ya nyumbani, zilizochorwa na wanafunzi kwa kalamu ya risasi. Pasiwe na sharti la uhodari wa mkono. Sharti liwe moja, kwamba kisa kiwe cha kweli au kifanane na kweli. Tena majina ya watu yasitajwe, na kabila la mtu lisifanywe kichekesho.

La pili ni kwa wanafunzi wenzangu. Tuunde chama cha uchoraji, tukutane Jumamosi baada ya usafi. Wengine watasema, "Bila simu twawezaje kutengeneza katuni?" Jibu ni kwamba katuni si simu. Katuni ni picha nyingi zinazofanana, kila moja ikiwa imesogea kidogo kuliko iliyotangulia, zikipita mbele ya jicho upesi hata jicho likadhani kitu kinakwenda. Sinema hupitisha picha 24 kwa kila sekunde. Vijana wanaochora kwa simu wengi hutumia chache zaidi, 12 au hata 8. Chukua daftari la kurasa 96, ambalo lina karatasi 48. Chora kwenye pembe ya kila karatasi kuku mmoja, kila mara ukimsogeza kidogo kuelekea kwenye ungo wa mahindi. Kisha pitisha karatasi kwa kidole gumba. Kwa picha 8 kila sekunde umepata katuni ya sekunde 6, nayo haikuhitaji umeme wala bando. Mwenye kutaka dakika nzima atachora picha 480, naye atajifunza subira kuliko tunavyojifunza kwa adhabu. Mwalimu akikubali, picha zilizo bora zaweza kupigwa kwa simu yake mwishoni mwa muhula na kuunganishwa, wazazi wazione siku ya mahafali.

Visa havitakosekana. Iko siku ya kupura ngano, wakati kila jirani akumbukapo ghafula kwamba ni ndugu yako. Iko siku ya mnada, mtu atokapo na mbuzi wa kuuza na kurudi na redio na maelezo marefu. Uko ukungu wa asubuhi uliomfanya mtu amsalimie ng'ombe wake kwa heshima akidhani ni mwalimu. Tena wako wazee wa Upper Kitete, ambako makazi ya wakulima wa ngano yalianzishwa mwanzoni mwa miaka ya 1960. Waliokuwa vijana siku zile sasa ni wazee sana. Wakiondoka, nani atachora jinsi familia zilivyokaa kipindi kile, nani aliogopa trekta na nani aliipenda? Yafaa tuwaendee na daftari mapema.

La tatu ni kwa wazazi. Mkiona mtoto amechora nyumbani kwenu nyuma ya daftari la hesabu, msimpige kabla hamjaitazama picha. Kama hesabu zake hazikufanywa, mwonyeni kwa hilo. Lakini picha itazameni. Pengine mtajiona humo, na pengine hamtapenda kila mnachokiona. Jueni tu kwamba mtoto anayechora nyumba yake hajaiona aibu. Wa kuogopwa ni yule aliyeacha kuichora.

Mimi na wenzangu wa Kidato cha Nne tutamaliza masomo yetu mwezi wa Novemba, wala hatutakuwapo chama hicho kikianza. Naliacha jambo hili mikononi mwa Kidato cha Tatu. Daftari langu la Jiografia, ambalo pembe zake zina kuku, tembo na mbwa mmoja mwoga, nitalikabidhi kwa Mhariri kabla ya kuondoka, liwe la kwanza. Naomba yapatikane mengine.

Mwanafunzi wa Kidato cha Nne